Kipokezi cha korona kimejaa utumboni: mbona ugonjwa hushika mapafu?

Mwalimu wa Kisauni:
Assalaam alaikum. Nafundisha bayolojia katika shule ya upili hapa Mombasa. Nilipowaeleza wanafunzi kwamba virusi vya korona huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2, yaani protini iliyo juu ya seli, mmoja aliuliza: ikiwa kipokezi hicho ni kingi zaidi katika utumbo mwembamba na figo kuliko katika mapafu, kwa nini wagonjwa mahututi walilazwa kwa kukosa pumzi na si kwa kuhara? Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Bi Maabara, Tudor:
Wa alaikum salaam, mwalimu. Wingi wa kipokezi ni jambo moja, na njia apitayo mgeni ni jambo jingine. Avukaye kwa feri kutoka Likoni hushukia kisiwani kwanza, hata kama jamaa zake wengi wako Kisauni. Virusi hivi huja na hewa, kwa hiyo hukutana na pua, ambako baadhi ya seli zina ACE2 pamoja na kimeng'enya TMPRSS2, kinachoikata protini ya mwiba, ile ambayo virusi hushikia kipokezi, ili utando wa virusi uungane na ule wa seli. Kushika kipokezi bila mkato huo hakutoshi. Ama mapafu, kipokezi kipo hasa kwenye seli za aina ya pili za vifuko vya hewa. Zenye kipokezi ni chache, lakini seli za aina hii ndizo zitoazo ute unaozuia vifuko visinywee, na ndizo zinazozaa seli mpya pale palipoumia.

Mfamasia wa Makupa:
Naongezea, mwalimu: tusiseme "mapafu" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukisaga kipande kizima cha tishu na kupima, unapata wastani unaozificha seli hizo chache. Isitoshe, vipimo vingi husoma ujumbe wa jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini, na ujumbe si lazima ulingane na kiasi cha protini iliyoko juu ya seli. Tena kipokezi hiki hakikuumbwa kwa ajili ya korona. Kilitambuliwa mwaka 2000, na kazi yake ni kuigeuza homoni ya anjiotensini ya pili, ibanayo mishipa, ndiyo maana kimo pia moyoni na kwenye figo. Na kuhara kulikuwepo kwa baadhi ya wagonjwa. Mabaki ya virusi yalionekana kwenye choo, hata nchi kadhaa zikafuatilia maambukizi kwa kupima majitaka.

Mwalimu wa Kisauni:
Shukran sana. Na kupotea kwa harufu, je, neva za pua nazo zina kipokezi?

Bi Maabara, Tudor:
Kipokezi kimeonekana hasa kwenye seli zinazozitegemeza neva hizo, wala si kwenye neva zenyewe. Yaelekea ndiyo sababu wengi walirudiwa na harufu baada ya majuma machache.