Jina langu limependekezwa ualimu mkuu. Nikubali?

Mwl_Darasa1
Habari zenu walimu. Nipo shule ya msingi huku Singida vijijini, nafundisha darasa la kwanza, na mwalimu wa taaluma, anayesimamia ufundishaji shuleni, ni mimi. Afisa Elimu Kata kaniita pembeni, kasema nimependekezwa kuwa mwalimu mkuu shule ya jirani. Tangu hapo usingizi umekuwa wa shida. Hapa kwetu ukuu hautakiwi. Mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye sote tunamsikiliza, alishakataa. Wanasema posho ya madaraka, 200,000 kwa mwezi, inaishia kwenye nauli za vikao vya halmashauri. Mimi posho siiwazi sana. Nina watoto ndiyo kwanza wanaunganisha silabi, nikiondoka sasa nani atawashika? Nyie wakuu mnaingia darasani kweli?

MamaMkuu
Hongera, na pole. Nimeshika shule tangu 2016, mwaka elimu bila ada ilipoanza. Darasani utaingia ukijipangia mwenyewe. Mimi nina Kiswahili darasa la pili, vipindi vya mwanzo asubuhi, na wazazi wanajua ofisini wananipata baada ya hapo. Kinachotumaliza ni ujenzi. Fedha za madarasa zikiingia kwa fosi akaunti, yaani shule inajenga yenyewe bila mkandarasi, wewe ndiye wa kutafuta nondo, kuhesabu saruji, kukaa na kamati ya shule kama katibu wake, halafu usiku unaingiza malipo kwenye FFARS, ule mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha za shule. Mhasibu huna. Hapo ndipo walimu wazuri wanapokimbia, na siwalaumu hata kidogo. Huyo wa Hisabati anaongoza tayari, muhuri tu ndio hana.
Ukikubali, usipokee ofisi kwa mdomo. Salio la benki, madeni ya wazabuni, vitabu, madawati, vyote viandikwe na Afisa Elimu Kata ashuhudie.

Chaki_Nyeupe
Mimi nilikataa, nina mgonjwa nyumbani, na kazi yangu ipo palepale. Usikubali kwa woga.

Mwl_Darasa1
Asante dada MamaMkuu, umenigusa hapo kwenye vipindi vya asubuhi. Nitaomba nimalize muhula na watoto wangu, na darasa la kwanza nitalidai hukohuko niendako. Hiyo orodha ya makabidhiano unayo ya mfano?

MamaMkuu
Ninayo. Njoo faragha nikutumie.