Viza ya kuishi ughaibuni kwa kazi ya mtandaoni: kijana wa Pwani aiendee au aiache?

Mchangiaji wa Shella, Malindi

Assalam aleikum ndugu zangu. Mjadala huu aliuanzisha ndugu wa Langoni, Amu (Lamu). Hoja yake ni kwamba kijana anayepata riziki kwa kompyuta hana haja ya kuhangaikia viza ya Ulaya: pesa za huko anazipokea hapa hapa, kodi ya nyumba ni nafuu, wazazi wako karibu, na anazikana na watu wake. Baadaye akaja mwingine akasema viza hizi waliwekewa Wamarekani na Waingereza, sisi tusijisumbue. Hoja ya kwanza naiheshimu. Ya pili naipinga kabisa, maana inawavunja moyo watoto wetu kwa jambo lisilo kweli.

Chukueni Italia, kwa kuwa sisi wa Malindi Kiitaliano tunakisikia tangu utotoni, sokoni na ufuoni. Tangu Aprili 2024 nchi hiyo inatoa viza kwa mfanyakazi wa mtandaoni anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, na viza hiyo haimo katika ile idadi ya wafanyakazi wa kigeni wanayoipanga, kwa hivyo hakuna kugombania nafasi. Wanataka shahada, na asiyekuwa nayo anaweza kuonyesha tajriba ya miaka mitano katika fani yake. Wanataka uwe umeshafanya kazi kwa njia hiyo miezi sita angalau, uwe na bima ya afya, mahali pa kukaa, na mapato ambayo balozi zao nyingi huyahesabu kuanzia karibu yuro 25,000 kwa mwaka. Ukishafika una siku 8 za kuomba kibali cha kukaa, nacho ni cha mwaka mmoja, huongezwa. Hakuna mahali palipoandikwa Mkenya asiombe.

Pesa hiyo ni nyingi, sikatai. Ni kama shilingi laki tatu kwa mwezi. Ureno ndiyo imezidi: inataka mara nne ya mshahara wao wa chini, na mwaka 2025 hesabu hiyo ilikuwa yuro 3,480 kwa mwezi. Lakini Namibia ni dola 2,000 kwa mwezi na Mauritius ni 1,500, na wapo vijana wetu ninaowajua wanaofika hapo. Hao nao wakiomba leo wataanguka, na nitawaambia watakapoangukia.

Binamu yangu huandika manukuu ya video na kutafsiri matangazo ya hoteli, kutoka Kiitaliano kwenda Kiingereza na Kiswahili. Kiitaliano alikijulia ufuoni akiwa kijana mdogo, akatembeza wageni, kisha akakikalia kitako kwa vitabu. Hii kazi ya kompyuta anaifanya mwaka wa sita sasa. Mwaka jana tulikwenda saiba mjini kuchapisha karatasi za kuombea viza. Mkataba? Hana, wamekubaliana kwa ujumbe wa simu. Hati ya mshahara? Hana. Ritani za kodi za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya? Hajawahi kufaili hata mara moja. Alichokuwa nacho ni taarifa ya M-Pesa, kurasa arobaini na kitu, shilingi kumi kila ukurasa. Nilizisoma zikitoka mashineni moja moja: tokeni za stima, mama elfu mbili, mchango wa harusi, Fuliza (mkopo mdogo wa M-Pesa), mama elfu tatu, ada ya shule ya mdogo wake, mama tena. Na mshahara wenyewe uliingia kwa jina la mtu wa Nairobi, dalali anayepokea kutoka kwa mteja, akakata fungu lake, akatuma linalobaki. Mteja wa Italia hamjui binamu yangu hata kwa jina.

Miaka mitano ya tajriba anayo. Ushahidi wake ndio hana. Afisa wa viza atamwona mtu anayetumiwa pesa na jamaa yake wa Nairobi, basi.

Ndiyo maana nasema tunagombana kuhusu kwenda na kubaki huku jambo la mwanzo hatujaligusa. Kijana afanye kazi kwa uwazi: mkataba ulioandikwa, ankara yenye jina lake kila mwezi, pesa iingie benki kwa jina lake, na ritani ya mwaka ipelekwe kabla ya 30 Juni. Akiamua kwenda, ana cha kuonyesha. Akiamua kubaki, karatasi hizo hizo ndizo za kuombea mkopo wa kujenga, na ndizo za kumbana mteja anayekawia kulipa.

Serikali nayo isijifiche. Oktoba 2024 Kenya ilianzisha kibali cha daraja N kwa wageni wanaofanya kazi mtandaoni, waishi kwetu wakilipwa na nchi za nje. Vyema, wakaribie. Lakini Waitaliano tumekuwa nao Ngomeni, karibu na Malindi, tangu miaka ya 1960. Ile setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru waliirusha wao kutoka jukwaa lao la baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970. Watu tuliokaa nao umri wote huo, wakati wa kufungua mlango huu mpya kuna aliyewauliza na wetu watapokewaje? Ningependa wabunge wetu wa Pwani walijibu hilo.

Mchangiaji wa Langoni, Amu

Kakangu wa Shella, nimekusoma mara mbili. La karatasi nimelikubali, hata kwetu wako hivyo hivyo. Ila umelipita upesi lile lililonifanya nianzishe mjadala. Nenda mtaa wa Mkomani, hapa Amu, utazame nyumba za mawe. Baba amefariki, watoto wako Dubai, Oman, Ulaya, hakuna wa kupaka chokaa wala wa kubadilisha boriti. Nyumba inavuja misimu miwili, wa tatu anakuja mgeni na pesa. Katiba, kifungu cha 65, inamzuia asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99, lakini miaka 99 ni mjukuu wa mjukuu wangu huyo! UNESCO imeuweka mji wetu kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, nasi wenyewe tunautoka mmoja mmoja. Mvuvi lazima awe baharini na fundi wa jahazi lazima awe kwenye gogo lake. Huyu wa kompyuta ndiye pekee ambaye kazi yake haimlazimishi kuuhama mji, na huyo ndiye tunayemfundisha njia ya kutoka. Hilo ndilo linaloniuma.

Na jingine: akiishi ugenini zaidi ya nusu mwaka, kodi ataanza kudaiwa huko. Ile nafuu ya kulipwa yuro na kula kwa shilingi imekwisha.

Mchangiaji wa Maweni, Malindi

Kaka zangu, nyote mnazungumza kana kwamba mwenye kompyuta ni mwanamume asiye na watoto. Mimi nina wawili, nafanya kazi ya kupanga hesabu za duka la nje, usiku wakilala. Nilichotaka kujua kwanza ni kama watoto wanaruhusiwa, na kwa Italia wanaruhusiwa, mume au mke na watoto wadogo. Kuhusu mkataba: nilimwomba mteja wangu wa kwanza, akanyamaza, akachukua mtu mwingine. Msituambie ni jambo jepesi.

Mchangiaji wa Shella, Malindi

Dada yangu wa Maweni, pole, na umenisahihisha. Niliandika kana kwamba mkataba huombwa tu ukapatikana. Huenda mteja wa zamani, anayekujua kazi yako, ndiye wa kuanza naye. Mpya akitishika, mwanzie na ankara tu, maana hata ankara iliyolipwa ni ushahidi.

Ndugu wa Langoni, kuhusu Mkomani sina jibu la kukushinda. Nitasema hili tu: aliyetoka kwa viza ya mwaka mmoja, kazi yake iko mgongoni, anaweza kurudi nayo. Aliyetoka kwenda kuosha vyombo, kazi ameikuta huko na ataiacha huko, ndiyo maana harudi. La kodi ni kweli, na lazima liingie kwenye hesabu kabla ya tiketi.

Binamu yangu hajaomba viza. Amezungumza na yule dalali, wakakosana siku mbili tatu, mwisho akakubali kumpa barua inayotaja jina lake, kazi yake na mwaka alioanza. Kwa sasa barua hiyo iko kwenye bahasha pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, chini ya godoro la mama yake, na mama anataka kujua ni ya nini.

Wengine mseme.