Mzunguko wa Mazeras kwa skeli ya 1:87: Garratt yangu inateleza kabla ya kumaliza mduara

Mjenzi wa Changamwe

Waungwana, salamu kwenu. Tangu Januari ninajenga, katika chumba cha uani, mfano wa kile kipande cha reli ya zamani ya geji ya mita (yaani upana wa mita moja kati ya reli mbili) kinachotoka usawa wa bahari na kupanda hadi Mazeras, pale ambapo njia inajizungusha na kupita juu yake yenyewe ili treni ipate urefu wa kutosha wa kupandia. Nimechagua skeli ya 1:87 na reli ya upana wa milimita 12, kwa kuwa mita moja ikigawanywa kwa 87 hutoa milimita 11.5, na hiyo nusu milimita inayozidi hakuna mgeni aliyewahi kuiona. Meza ni karatasi nzima ya plaiwudi iliyowekwa juu ya fremu ya mbao, reli zimeshalazwa, waya zimeshachomelewa kwa risasi kila baada ya mita moja, na kilima chenyewe nimekichonga kutoka kwenye lile povu jeupe linalofungiwa majokofu. Minazi bado, na kwa kweli minazi ndiyo inayonitisha kuliko kazi nyingine yoyote.

Kichwa cha treni ni Garratt, mashine ya mvuke yenye injini mbili, ya daraja la 59, katika zile 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki. Hakuna dukani unapoweza kukipata kwa bei ya mtu wa kawaida, hivyo nimetumia mitambo miwili midogo yenye mota iliyotolewa kwenye mifano ya treni za Uswisi za geji ya mita, nikamwomba kijana mmoja anichapie bodi ya plastiki kwa mashine yake. Urefu wake ni sentimita 36 na nusu hivi, na uzito ni gramu 410.

Tatizo langu ni hili. Kwenye sehemu tambarare kinavuta mabehewa tisa ya mizigo bila kunung'unika. Kikiingia kwenye mduara wa Mazeras, kinapanda hadi kama theluthi mbili, kisha magurudumu yanazunguka bure na treni inasimama pale pale. Nusukipenyo cha mduara ni sentimita 42, maana yake mzingo ni sentimita 264, na reli ya juu iko milimita 82 juu ya ile ya chini, kama nilivyosoma kwenye miongozo ya skeli hii. Mwinuko basi ni asilimia 3.1. Niliongeza gramu 90 za chubwi za kuvulia ndani ya bwela, lile pipa la kuchemshia maji, nikidhani uzito ndio dawa, na hali ikawa mbaya zaidi kuliko mwanzo. Je, nipunguze mabehewa, nibomoe mduara niupanue, au kuna jambo ambalo silioni?

Mstaafu wa Voi

Mwanangu, hongera kwa kazi. Nilifurahi kusoma neno Mazeras, kwa sababu nilipita hapo mara nyingi sana nikiwa msaidizi wa dereva tangu mwaka 1972, wakati mashine hizo zilikuwa bado zinafanya kazi kila siku.

Nianze na chubwi. Umeziweka mahali ambapo zinakudhuru. Garratt si kichwa kimoja kirefu, bali ni injini mbili zinazojitegemea, na bwela limening'inizwa katikati yake juu ya fremu inayoegemea kila injini kwenye egemeo moja. Ndiyo maana mashine ya tani 250 hivi iliweza kupinda kwenye kona ambazo kichwa kifupi zaidi kingeona taabu. Lakini egemeo hilo liko upande wa ndani wa kila injini, upande ulio karibu na bwela. Ukiujaza uzito ndani ya bwela, unazikandamiza ncha za ndani na unazinyanyua ncha za nje, na katika mfano mdogo kama wako nina hakika kwamba magurudumu ya mbele kabisa yanagusa reli kwa adabu tu, hayaishiki. Weka karatasi nyembamba chini yake uivute, utaona inatoka.

Katika mashine halisi, uzito wa kushika reli ulitoka kwenye matangi, la maji mbele, na la mafuta na maji nyuma, yaliyokaa moja kwa moja juu ya magurudumu yanayosukumwa. Sisi tulilijua hilo kwa mwili wetu. Tangi la mbele likipungua maji huku mzigo uko nyuma na kilima kiko mbele, injini ya mbele ndiyo iliyoanza kuteleza, nasi tulikuwa tunaijua kwa mlio kabla ya kuiona, kisha mchanga unafunguliwa upesi umwagike relini ili magurudumu yashike. Kwa hiyo toa chubwi zote ndani ya bwela, zigawe sawasawa katika matangi mawili, na bwela liwe tupu kama ngoma.

La pili ni mwinuko. Njia ya Mombasa hadi Nairobi ilipangwa kwa mwinuko usiozidi asilimia 1.5, na Garratt za daraja la 59 zilipewa tani 1,200 za kuvuta. Wewe unakitaka kichwa chako kipande mara mbili ya hapo, tena kwenye kona mwanzo hadi mwisho. Usikitukane.

Rangi ni damu ya mzee, wala si nyekundu ya gari la zimamoto kama nilivyoona kwenye picha za mjenzi mmoja siku za nyuma. Ukifika Nairobi, nenda kwenye jumba la makumbusho la reli ukamwangalie Garratt namba 5918, aitwaye Mount Gelai, akiwa juani saa nne asubuhi. Kwenye kivuli rangi hiyo inadanganya.

Binti Kilombero

Shikamoo mzee wetu wa Voi, na pole kaka wa Changamwe. Sina la kuongeza juu ya matangi. Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu ya milimita 82 ndiyo iliyonikera tangu niliposoma mara ya kwanza.

Kipimo hicho ni cha watu wanaoendesha treni kubwa za Marekani zenye makontena mawili mawili yaliyopandishwa. Treni zetu za geji ya mita ni fupi kwa kimo. Pima mfano wako mwenyewe kutoka usawa wa reli hadi ncha ya bomba la moshi. Nakisia utapata milimita 47 au karibu na hapo. Ongeza milimita 5 za nafasi ili kisiguse, na milimita 6 za unene wa daraja pamoja na mataruma yanayobeba reli, ikiwa utatumia bamba jembamba la shaba badala ya plaiwudi. Jumla ni milimita 58. Kwa mzingo huo huo wa sentimita 264, mwinuko unashuka kutoka asilimia 3.1 hadi 2.2, na hujabomoa kitu zaidi ya daraja lenyewe na nguzo.

Kona nayo inatoza ushuru wake. Wajenzi wengi wa 1:87 hukadiria kwamba ukigawa 80 kwa nusukipenyo cha sentimita, unapata asilimia ya mwinuko ambayo kona hiyo ni kama imeiongeza. Kwako ni 80 kwa 42, yaani 1.9. Kichwa chako basi kilikuwa kinahisi mwinuko wa asilimia 5. Treni nzima ikiwa na gramu 1,100 hivi, kilima pamoja na kona vinadai nguvu ya gramu 55, na msuguano wa kawaida wa magurudumu ya mabehewa kama 20 nyingine. Kichwa cha mfano huvuta kati ya moja ya tano na robo ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayosukumwa. Piga hesabu mwenyewe utaona kwamba ulikuwa ukingoni kabisa, na ndiyo maana kinafika theluthi mbili badala ya kugoma mwanzoni: mabehewa ya mwisho yanapoingia kwenye kona, deni linatimia.

Kwa kuwa tunaonyeshana maendeleo, niseme langu. Ninajenga Kidatu, mahali ambapo tawi la geji ya mita kutoka Kilosa linakutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na mizigo haiwezi kupita bila kuhamishwa kutoka mabehewa ya upande mmoja kwenda ya upande mwingine kwa sababu TAZARA ina geji ya milimita 1,067. Mwaka mzima nimekwama kwenye swali ambalo mume wangu analiona ni la wendawazimu. Katika skeli yetu geji moja ni milimita 11.5 na nyingine ni 12.3, na reli inayouzwa ni ya 12 tu, ambayo inafaa zote mbili na haifai hata moja. Nikitumia ya 12 pande zote, kituo chote kinapoteza sababu ya kuwepo, kwa kuwa behewa litapita moja kwa moja bila kushushwa mzigo. Nimeamua kutengeneza njia za upande wa TAZARA kwa mkono, taruma baada ya taruma, kwa milimita 12.3, na kupanua magurudumu ya mabehewa yake kwa unywele. Nimemaliza sentimita 70 katika miezi minne.

Mswahili wa Hamburg

Dada, sentimita 70 kwa miezi minne si haba. Mimi nina mita tatu ambazo hazijawahi kupitiwa na treni.

Kaka wa Changamwe, nakuletea mfano wa kulinganisha. Kule Brusio, Uswisi, kuna daraja la mzunguko kwenye reli ya geji ya mita ya Bernina, lililofunguliwa mwaka 1908. Nusukipenyo chake ni mita 70 na mwinuko ni asilimia 7. Kwa skeli yetu mita 70 ni sentimita 80, karibu mara mbili ya mduara wako, na treni zake ni za umeme. Yaani hata katika njia maarufu kwa ukali, kona ni pana kuliko yako.

Nina mambo mawili ya vitendo. Kwanza, angalia mahali mwinuko unapoanza. Ikiwa reli inavunjika ghafla kutoka tambarare kwenda kilimani, fremu ndefu ya Garratt inabaki imening'inia kwa muda na magurudumu ya katikati yanapoteza reli. Wacha sentimita 30 za mwanzo zipande polepole. Pili, mitambo mingi ya Uswisi inakuja na pete za mpira kwenye magurudumu mawili. Kama umezitoa, zirudishe.

Mjenzi wa Changamwe

Nawashukuru nyote, na hasa mzee, kwa sababu jaribio la karatasi lilinifedhehesha mbele ya watoto: ilitoka bila kukwama hata kidogo chini ya magurudumu manne ya mbele.

Juu ya pete za mpira naomba nitofautiane na ndugu wa Hamburg. Nilizitoa kwa makusudi. Gurudumu lenye mpira halipokei umeme kutoka kwenye reli, na hapa kwetu, ambapo upepo wa bahari unaingia hadi kabatini, kila gurudumu linalopokea umeme ni la thamani. Tena mpira unaacha utando mweusi ambao unashika vumbi. Pengine huko kwenu kwenye hewa kavu ya ndani jambo hili halionekani.

Mswahili wa Hamburg

Nimekubali. Nilisahau jinsi Mombasa inavyokula chuma.

Mstaafu wa Voi

Kama umetoa mipira, basi futa reli kwa spiriti kila asubuhi kabla ya kuendesha. Sisi tulikuwa na mchanga, wewe huna.

Mjenzi wa Changamwe

Ninarudi baada ya wiki tatu na matokeo. Bwela ni tupu. Chubwi zimeongezwa kidogo na kugawanywa, gramu 60 katika kila tangi, na nimezibana kwa gundi ili zisilie kama njuga. Kichwa kilipimwa na kukutwa na kimo cha milimita 47, kama Binti Kilombero alivyobashiri bila kukiona, na daraja jipya ni bamba la shaba la milimita moja na nusu lililokunjwa pembeni. Nimeanza mwinuko kwa upole, ingawa nilipata nafasi ya sentimita 22 tu badala ya 30, kwa sababu mlango wa chumba unafungukia ndani na mke wangu hakukubali ugeuzwe.

Mabehewa manane yanapanda mduara mzima kwa mwendo wa pole, bila kuteleza, wakati wowote wa siku. Tisa yanapanda nikiwa nimefuta reli kwa spiriti. Ikifika jioni, unyevu ukishaingia, la tisa linakiangusha tena palepale kwenye theluthi mbili. Nusukipenyo sijakigusa. Nikikipanua hadi sentimita 50, kwa kimo kilekile cha milimita 58, hesabu inanipa mwinuko wa asilimia 1.85, lakini itabidi kilima kikatwe na ukingo wa meza utoke sentimita nane kuelekea dirishani. Kwa sasa nimeliacha behewa la tisa kwenye njia ya pembeni pale kituo changu cha Miritini, nimelipaka kutu, na mwanangu wa pili ameamua kuwa limeharibika breki.

Mzee, rangi nimeichanganya mara nne, na ya nne nimeipeleka juani saa nne asubuhi kama ulivyosema. Nitaweka picha kesho, na nitaomba useme kweli.