Simu za intaneti ofisini zinakwaruza kila ikifika saa nne asubuhi, je ni mega hazitoshi?

Mzigo_Bandarini

Wakuu habari za jioni. Niko Tanga mjini, tuna ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwezi uliopita tumeachana na zile simu za mezani za zamani tukahamia simu za intaneti, ziko saba pamoja na ya getini kwa mlinzi, na seva yake iko klaudi huko Ulaya. Intaneti tunapata kwa antena ya juu ya paa, kifurushi kimeandikwa mega 20.

Sasa shida. Asubuhi tukifungua mpaka kama saa tatu sauti ni safi kabisa, ila ikishafika saa nne kazi zimechanganya, mteja akipiga anakuwa kama anaongea ndani ya pipa, maneno yanamezwa, mara kimya, inaenda hivyo kama dakika moja na kidogo halafu yenyewe inakaa sawa, baadae tena. Na wao ndio wanalalamika zaidi kuliko sisi, wanasema sisi ndio hatusikiki. Juzi mteja wa Korogwe alinitajia namba ya kontena, nikasikia tarakimu mbili sivyo, bahati nzuri mfumo uliikataa kwa sababu ile tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki na haikulingana. Ingekuwa ni kiasi cha pesa nimeandika vibaya nani angenishtua?

Muuzaji wa intaneti anasema tupande mega 50. Bosi anataka jibu Ijumaa. Naomba mnisaidie, simu saba zinataka mega ngapi hasa?

Kijana_Raskazone

Pandeni tu hiyo 50 mkuu. Sisi tulikuwa na 10 tukapanda 40, video zote zinafunguka bila kuzunguka. Pesa inauma ila kazi ya ofisi haitaki kubahatisha.

fundi_swichi

Mzigo ndugu yangu, kabla hujatoa hela ya bosi soma hii kwanza. Kijana hajakosea kwa upande wa video, ila video unavuta kuja kwako na kama imechelewa kidogo inajaza akiba inaendelea. Simu inaenda na kurudi kwa wakati mmoja, na sauti iliyochelewa haina kazi tena, inatupwa.

Tuhesabu. Simu nyingi za mezani za intaneti zinatumia kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, ya G.711, hiyo inakata sauti yako vipande vya milisekunde 20, yaani paketi 50 kila sekunde. Kila paketi ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelekezo ya njia. Zidisha utapata kilobiti 80 kwa sekunde, ukiweka na mzigo wa waya wa mtandao wa ndani inafika kama 87. Hiyo ni kwenda, na kurudi ni hivyo hivyo. Wewe chukua 100 kwa simu moja uwe salama, kwa hiyo simu zote saba zikiongea pamoja, kitu ambacho sidhani kama kinatokea, ni kilobiti 700. Haijafika hata mega moja!

Kuna kodeki nyingine ya G.729, sauti inabanwa mpaka baiti 20 kwa paketi lakini bahasha ni ile ile ya baiti 40, bahasha nzito kuliko barua. Ndio maana wanakwambia inatumia kilobiti 8 ukipima unakuta 24 na zaidi. Inasaidia pale njia ni nyembamba sana, wewe hujafika huko, na sauti yake ni hafifu kidogo, kwa mtu anayetajiwa namba za kontena mimi nisingeigusa.

Kwa hiyo swali sio mega 20 zinatosha, zinatosha sana. Swali ni hizo 20 ni za kushusha, za kupandisha ni ngapi? Wateja ndio hawawasikii nyinyi, na sauti yenu inatoka kwa njia ya kupandisha. Na saa nne ofisini kwenu mnafanya nini kinachochukua dakika moja?

Nifanyie hivi. Chukua kompyuta iliyochomekwa waya, sio waifai, pima spidi mara tatu kwa siku uandike ya kupandisha. Halafu fungua pingi, kile kipimo cha milisekunde ambazo paketi inatumia kwenda na kurudi, kwenda kwenye seva ya simu iache inatembea, mtu atume faili kubwa, uangalie namba zinavyobadilika.

Mzigo_Bandarini

Fundi umenifumbua macho. Nimepima leo, kushusha inacheza 17 hadi 19, kupandisha ni 3, mchana ikashuka mpaka 2.6. Pingi ikiwa kimya ni 170 hivi. Nikamwambia dada wa nyaraka atume bili za meli alizoskani, faili la megabaiti 25, weeee pingi ikaruka 400, 700, ikafika 1,100, nne zikapotea kabisa! Faili lilipoisha ikarudi 170. Na hiyo saa nne ndio muda anaotuma nyaraka za siku, nimekumbuka sasa.

fundi_swichi

Haya umemkamata mwizi. Megabaiti 25 ni megabiti 200, gawa kwa 3 unapata sekunde 67, ndio hiyo dakika yako moja na kidogo.

Kinachotokea ni hiki, kompyuta inamwaga faili lote kwa kasi ya waya wa ndani, antena inapokea na kulipanga foleni kwenye kumbukumbu yake maana mlango wa kutokea ni mwembamba. Paketi ndogo ya sauti ikija inakaa nyuma ya ule mlima wa faili. Ni sawa na mtu wa baiskeli aliyebeba barua moja anawekwa nyuma ya malori ya saruji getini, mwache apite pembeni, hamzuii mtu yeyote.

Kipimo kinachotumika duniani, kile cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, cha G.114, kinataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Pingi ni kwenda na kurudi, kwa hiyo 170 yako ni kama 85 upande mmoja, uko ndani japo umekula zaidi ya nusu kwa sababu ya safari ya Ulaya. Hiyo safari hakuna kifurushi kitakachoifupisha, mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja basi. Kwenye 1,100 mazungumzo hayapo tena. Paketi zinazopotea nazo ziwe chini ya asilimia 1, na zinazofika zisitofautiane sana muda wa kuchelewa, ukizidi milisekunde 30 ndio unaanza kusikia hilo pipa.

Dawa iko kwenye ruta yenu. Tafuta sehemu ya QoS, ile ya kupanga nani apite kwanza, weka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya kile kibaya ulichopima, kwa hiyo sio 3, weka 2.2 au 2.3. Utaona kama unajinyima ila hapo foleni inahamia kwenye ruta yako ambayo unaitawala wewe, sio kwenye antena. Halafu simu uzipe kipaumbele cha kwanza, nyingi zinatuma paketi zenye alama ya 46 kwa hiyo ruta inazitambua. Hiyo alama ikishatoka nje watoa huduma wengi hawaijali, inakusaidia pale mlangoni kwako tu, na ndipo penye tatizo. Ukiona kuna kitu kinaitwa SIP ALG, kinachochezea paketi za simu zikipita kwenye ruta, kizime, hicho ndio kinaleta ile ya mimi namsikia yeye hanisikii.

Na uniambie, kamera za ulinzi zinahifadhi wapi?

Mapokezi_Pangani

Samahani nidandie. Sisi hotelini tulikuwa na shida inayofanana ila kwetu ilikuwa waifai. Simu ya mapokezi ilikuwa haina waya na jengo ni la zamani, kuta za mawe ya matumbawe nene kama mkono, wageni wote nao wako kwenye waifai hiyo hiyo. Fundi akavuta waya mmoja tu wa mita kumi na kitu, ikaisha. Kaka angalia na ile ya getini, kama ni waifai itakusumbua hata ukirekebisha ruta.

Jambo jingine ni umeme. Simu ya zamani ilikuwa inakula umeme wa laini yenyewe, hizi umeme ukikatika zinakufa zote na hata 112 hupigi. Wekeni UPS, ile betri ya akiba, kwenye antena, ruta na swichi inayogawa nyaya za mtandao. Kama swichi inapeleka umeme kwenye simu kupitia waya wa mtandao basi UPS moja inabeba zote.

Mzigo_Bandarini

Wakuu nimerudi. Kikomo nimeweka 2.3, simu nimezipa kipaumbele, SIP ALG ilikuwa imewashwa nimeizima. Kamera fundi ulijua, nne zilikuwa zinapandisha klaudi mchana kutwa, zimekula karibu mega moja, nimezihamishia kwenye diski ya ofisini. Dada Pangani ya getini ni waifai kweli, waya utavutwa wiki ijayo.

Nimejaribu tena, dada katuma lile faili la 25, mimi niko kwenye simu na mteja wa Korogwe, nikamwomba anisomee namba ya kontena taratibu, herufi nne na tarakimu saba, zote sahihi. Pingi haikupita 195. Faili limechukua dakika moja na nusu badala ya moja, dada hajaona tofauti. Mega 50 nimemwambia bosi tusubiri, hela hiyo ianze na UPS. Jumatatu kuna meli inashusha, ndio siku tunapigiwa simu zaidi, nitaacha pingi inatembea toka asubuhi niwaletee namba hapa.

fundi_swichi

Lete, na upime tena kupandisha mchana wa Jumatatu. Hizo antena za paa watu wakijaa zinashuka, ukikuta 2 basi teremsha kikomo kiwe 1.7.