Kwenda kazini Oxford kwa treni kutoka Hanborough: tiketi ipi inalipa?

Mgeni_Cotswold
Habari zenu wadau. Kuanzia mwezi ujao napanda treni Hanborough, hapa Uingereza, kwenda Oxford siku mbili kwa wiki, zamu inaanza saa 2 asubuhi. Nina kadi ya punguzo ya vijana wa miaka 16–25. Ninunue tiketi gani? Na mbona njia hii ina sifa ya kuchelewa wakati safari yenyewe ni fupi?

Kipande_cha_Reli
Hiyo kadi asubuhi haikusaidii. Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10:30 alfajiri mpaka saa 4:00 asubuhi, ina kima cha chini cha nauli cha pauni 12, yaani punguzo haliishushi nauli chini ya hapo (Julai na Agosti hakipo). Nauli yako iko chini ya hapo, kwa hiyo unalipa kamili. Angalia Flexi Season: pasi 8 za siku nzima, za kutumia ndani ya siku 28. Siku zako zinaingia sawasawa, ila ukiugua wiki moja, pasi mbili zimeungua. Ikiwa si nafuu sana kuliko tiketi 8 za kwenda na kurudi, achana nayo.

Mzee wa Ratiba
Kuhusu kuchelewa, tatizo ni reli yenyewe. Kutoka Wolvercot, kaskazini mwa Oxford, hadi karibu na Charlbury, kituo cha kabla ya Hanborough ukielekea Oxford, kuna reli moja tu ambayo treni za pande zote mbili hupokezana, na Hanborough iko katikati. Mwaka 2011 njia ya pili ilirudishwa kuanzia Charlbury kuelekea Ascott-under-Wychwood. Kipande chako kikaachwa. Basi treni itokayo London ikichelewa, yako inangoja hiyo ipite kwanza. Fuatilia kwenye simu: ikishaondoka Charlbury, imepewa njia.

Jukwaa nalo ni moja kwa pande zote mbili. Soma ubao kabla ya kupanda, usije ukapelekwa Worcester, upande wa pili.

Jioni chunga behewa. Treni ya mabehewa 10 huwa ni mbili za 5 zilizoungwa, na ndani hakuna pa kupita kutoka moja hadi nyingine. Penye jukwaa fupi, milango hufunguka ya baadhi ya mabehewa tu. Sikiliza tangazo ungali Oxford, maana treni ikishaondoka huwezi kuhama.

Mgeni_Cotswold
Ahsanteni sana. Na mashine ya tiketi ikiwa mbovu?

Kipande_cha_Reli
Piga picha ya kioo chake, saa ionekane, kisha lipa kwa kondakta au ukifika Oxford. Ukipanda bila tiketi wakati mashine ni nzima, faini ni pauni 100 juu ya nauli. Ukilipa ndani ya siku 21 inashuka hadi 50.

Mzee wa Ratiba
Na fidia msiiache. Ukichelewa kufika kwa dakika 15 unadai robo ya nauli ya upande huo, dakika 30 nusu, saa nzima yote. Mwisho wa kudai ni siku 28. Vuli ndiyo utadai sana: majani husagwa na magurudumu yakawa utando unaoteleza, dereva akalazimika kuanza kufunga breki mbali.