"Haijavaliwa" si sawa na "nzima": wauzaji wa raba za zamani, acheni kutuficha umri wa soli

Wanajamvi, naomba mnivumilie, kwa maana naandika nikiwa na hasira na makombo ya soli bado yako sakafuni.

Nilinunua jozi ya raba za toleo la zamani ambazo muuzaji, ambaye sitamtaja, alizitangaza kuwa ni mpya, hazijavaliwa hata mara moja, na zimo ndani ya boksi lake la awali pamoja na karatasi zake. Zilipofika nilizikagua kama mtu anayekagua mayai: ngozi inang'aa, mishono imenyooka, kamba hazijawahi kufungwa. Nikazivaa ndani ya nyumba, na kabla sijafika mlangoni kisigino cha kulia kikazama. Hakikupasuka kwa mlio, bali kilididimia polepole kama mkate mkavu uliokanyagwa, na nilipoinua mguu soli ya nje ilibaki chini imelala peke yake. Soli ya kati, yaani tabaka laini lililo kati ya nyayo na ngozi, nilipoigusa ilimeguka vipande vyenye kunata, nayo rangi iliyopakwa juu yake ikabanduka kama ganda.

Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwamba malalamiko hayapokelewi kiatu kikishavaliwa, kisha akaongeza kwamba raba za umri huo "ni za kutazama". Katika tangazo lake lote hapakuwa na neno hilo. Kama alikuwa anauza pambo, angelitangaza kama pambo na kutoza bei ya pambo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo hili si ajali wala bahati mbaya, na hakuna muuzaji mzoefu asiyelijua. Soli ya kati ya raba nyingi za aina hii, zikiwemo Air Jordan 3 ya mwaka 1988 na Air Jordan 4 ya mwaka 1989, ni povu la poliuretani, aina ya plastiki. Poliuretani ya jamii ya esta hushambuliwa na unyevu ulio hewani: maji huikata minyororo ya kemikali inayolishikilia povu, na mkato huo huzalisha asidi ambayo nayo huharakisha mikato inayofuata. Ndiyo maana kiatu hukaa miaka mingi kikionekana kizima, kisha kikaporomoka ghafla. Joto huongeza kasi. Mvaaji hahitajiki kabisa katika kazi hiyo, kwani boksi na muda vinatosha.

Kwa hiyo neno "haijavaliwa", ambalo wauzaji hulitumia kupandishia bei, halituambii lolote kuhusu uzima wa soli. Wapo wakusanyaji, nami nikiwa mmoja wao, wanaoshuhudia kwamba jozi zinazovaliwa mara kwa mara na kupata hewa hudumu vizuri kuliko pacha wake waliofungiwa kabatini. Air Jordan 1 za mwaka 1985, ambazo soli yake ni ya mpira ulioshonwa, bado zinaweza kuonekana miguuni mwa watu, ilhali jozi nyingi za poliuretani zilizotengenezwa miaka mingi baadaye zimekwisha kuwa unga. Povu la EVA, plastiki nyingine inayotumika kwenye soli, nalo halivunjwi na unyevu kwa namna hiyo, ingawa husinyaa na kuwa gumu, na gundi iliyolishikilia inaweza kuachia. Mambo haya hutegemea kiatu kimetengenezwa kwa nini, wala si usafi wa nyayo.

Ushauri wa kuhifadhi unaotolewa na wauzaji haohao nao unanishangaza. Tunaambiwa tuvizungushie viatu plastiki, kana kwamba unyevu uliokwisha kuingia ndani ya povu utatoka kwa adabu. Tunaambiwa tujaze vifuko vya silika, chembe za kufyonza unyevu, bila kuelezwa kwamba kifuko kilichoshiba hakifyonzi tena, na kwamba hewa ikikaushwa kupita kiasi ngozi hukakamaa na kupata nyufa. Mahali penye ubaridi, giza na ukavu wa wastani panasaidia kuchelewesha uharibifu, lakini kuuzuia kabisa hapawezi. Na wale wanaozipaka soli zinazopitisha mwanga, kama za Air Jordan 11 ya mwaka 1995, dawa ya peroksaidi ili kuondoa umanjano, wajue wanarudisha rangi tu. (Nimewahi kuuziwa jozi iliyong'arishwa hivyo, weupe wake ulikuwa wa kupendeza hadi gundi ilipoachia.)

Najua fundi hodari anaweza kutoa soli ya toleo jipya na kuibandika chini ya ngozi ya zamani. Nimekwisha kumpelekea jozi yangu, na kazi itafanyika. Lakini hiyo ni gharama ya jozi ya pili inayochinjwa ili kuiokoa ya kwanza, na kiatu kikishafanyiwa hivyo si cha asili tena, jambo ambalo nalo linapaswa kuandikwa waziwazi siku ya kukiuza.

Ninachodai ni kitu kidogo. Raba nyingi zina lebo ndani, yenye namba ya toleo na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji aipige picha inayosomeka, aseme soli ya kati ni ya nini kama anajua, aibonyeze kwa kidole gumba mbele ya kamera tuone kama inarudi au inabaki na shimo, na aandike kama jozi inavalika au la. Picha za tangazo nililoliamini zilikuwa nane: boksi, kamba, karatasi, ncha, kisigino, pande zote mbili na nyayo. Lebo haikuwemo.

Leo asubuhi muuzaji yuleyule ametangaza jozi nyingine "mpya kabisa". Safari hii lebo imo kwenye picha, ila kidole chake kimekaa juu ya tarehe.