Mrejesho: friza la samaki, Sahare

Wakuu, nilileta swali la friza la mama hapa Sahare, Tanga: mbona mgongo wake unaunguza mkono na samaki ndani hawagandi? Fundi alitaka kuongeza gesi. Nyie mkaniambia nianze na nyuma.

Kweli, lilikuwa limebanwa ukutani, mabomba ya kondensa (yale ya nyuma yanayotoa joto nje) yamevaa vumbi la mafuta kama blanketi. Tukachomoa umeme, tukalivuta mbele, tukasugua kwa brashi kavu. Sasa nguru wanaganda vizuri na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inapata kupumzika.

Kilichonikaa kichwani ni hesabu yenu. Friza halitengenezi baridi, linahamisha joto. Likitoa jouli (kipimo cha nishati) 300 kwenye samaki kwa kutumia jouli 100 za umeme, nyuma lazima zitoke 400. Zikikosa njia, presha ya kondensa inapanda na kompresa inahenyeka. Baada ya kondensa, kapilari (kibomba chembamba sana) inashusha presha, na gesi iliyokuwa imegeuka kimiminika inachemka kwenye baridi kali: R134a, gesi mojawapo ya friji, huchemka nyuzi 26 chini ya sifuri kwa presha ya kawaida ya hewa! Hapo nilifurahi mno.

Na yule aliyetaka kuacha mlango wa friji wazi ili chumba kipoe: kitazidi joto, kwa hesabu hiyohiyo. Asanteni sana.